Stenlesi Halisi

Hebu niambie wewe unayesikiliza: umewahi kuamka asubuhi, hujala wala hujanywa, ukakuta mdomo una ladha ya msumari? Si uchungu wa nyongo, wala si jino bovu. Msumari hasa, kama ule ambao fundi viatu huubana midomoni huku akitafuta pa kuupigilia. Mama mmoja aliyekuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi, ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi kana kwamba duka lilikuwa lake, aliamka na ladha hiyo majuma mengi. Akasukutua kwa maji ya chumvi. Akatafuna karafuu. Akanyamaza, maana kunyamaza alikujua kuliko kupiga pasi.

Asubuhi moja alikaa juu ya kigoda bafuni, akapandisha gauni, akautazama mguu wake wa kushoto. Kovu la upasuaji lilishuka kwenye muundi kutoka karibu na goti, na alama za nyuzi zilikuwa zimelipanga pande zote mbili kama meno ya zipu. Ndani yake mlikuwa na bamba la chuma na skrubu zake, alizowekewa alipoteleza kwenye ngazi za duka akiwa amekumbatia tenga la mashuka. Kovu lilipona, akatembea, akacheza ngoma hata kwenye harusi ya mdogo wake. Sasa ngozi iliyolizunguka ilikuwa imepata rangi ya kijivu, kijivu cha tako la sufuria, na vipele vidogo vilikuwa vimetambaa mpaka kifundoni. Mahali pamoja, chini kidogo ya katikati ya kovu, palikuwa na kijivimbe kigumu. Alipokibonyeza kwa kidole, aliona kama kimesogea.

Akatoa kidole upesi, kama aliyegusa pasi ya moto.

"Wewe mkwe," mama wa mumewe aliita nje ya mlango, "unaoga, au umehamia humo tukuletee godoro?"

"Natoka, mama."

"Toka basi. Mimi mwenzio kibofu changu hakijui kusubiri."

Mumewe alikuwa mezani akinywa chai, miwani yake ya kuchomelea imekaa juu ya paji la uso. Huyo aliitwa Fundi Geti. Alichomelea mageti, madirisha, na siku hizi hasa reli za ngazi za stenlesi, zile zinazong'aa mpaka unajiona meno. Kazi ya stenlesi ndiyo iliyomtoa kwenye kibanda cha mabati na kumwingiza kwenye karakana yenye sakafu. Aliipenda kama watu wanavyompenda mtoto aliyefaulu.

"Baba watoto," Dobi alisema, akimmiminia chai nyingine, "mguu umeamka vibaya leo."

"Vibaya vipi?"

"Unawasha. Unachoma kwa ndani. Na mdomo wangu una kutu."

Fundi Geti akacheka, si kwa ubaya. "Kutu itoke wapi, mama? Mguuni mwako mna stenlesi. Stenlesi haishiki kutu. Mimi wateja nawaambia, hii utaiacha, itakuzika, na wajukuu wako wataikuta inang'aa."

"Mimi hospitalini niliwasikia wakisema chuma cha pua," mama mkwe alidakia akitoka bafuni. "Nikasema moyoni, jamani, mtu kavunjika mguu, hicho cha pua wanamwekea cha nini?"

Wote wakacheka, na Dobi naye akacheka. Ni vigumu kuendelea kulalamika baada ya kucheka. Lakini aliona kwamba mumewe, kicheko kilipoisha, aliinamia kikombe na kukitazama ndani muda mrefu, na kikombe kilikuwa kimekwisha chai.

* * *

Dukani siku hiyo kulikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni, meupe yote, marundo kwa marundo. Dobi alikuwa na namna yake ya kukunja shuka kubwa bila kuomba msaada: alibana pindo moja katikati ya miguu, juu ya kovu, akavuta upande wa pili mpaka kitambaa kikakaa kama ngozi ya ngoma, kisha akapitisha pasi. Wenzake walijaribu kumuiga wakashindwa.

Aliyesimama meza ya pili walimwita Redio, kwa sababu hazimiki.

"Shoga," Redio alisema, akanyoosha shingo, "pasi yako inatema kutu."

Dobi akatazama. Kwenye pindo la shuka palikuwa na doa, la kahawia lenye weusi katikati, kubwa kama kifungo cha koti. Akageuza pasi. Tako lake lilikuwa safi. Akaachia mvuke hewani, ukatoka mweupe. Akalipekua rundo alilokwisha kukunja. Shuka la juu lilikuwa na doa. La chini yake nalo. La tatu pia.

"Yafiche," Redio alinong'ona. Lakini tajiri wao alikuwa na pua ya kunusa matatizo, na alikuwa ameshafika.

"Nani amenitilia kutu kwenye mashuka ya watu?"

"Labda ni pasi, bosi," Redio alisema haraka.

Tajiri akaichukua pasi. Akafungua kifuniko cha maji, akachungulia, akaipangusa kwa kitambaa cheupe mara kadhaa, na kila mara kitambaa kilibaki cheupe. Akainama kutazama meza. Alipokuwa ameinama hivyo ndipo alipoliona gauni la Dobi, mahali liliposhikamana na muundi, lilivyolowa.

Pasi zote zikasimama. Hata mashine ya kufulia ilikuwa imefika pale inapopumua kabla ya kuzunguka tena.

"Kumbe pasi ni wewe," tajiri alisema.

Hakuna aliyecheka. Pengine wangecheka ingekuwa nafuu.

"Nitayafua upya mwenyewe," Dobi alisema. "Yatatoka. Nitayaloweka kwa ndimu."

"Hapana. Usiyaguse. Wewe nenda nyumbani, mama. Ukishapona uje. Mimi sikufukuzi, usiende kusema nimekufukuza. Lakini watu wanalalia mashuka haya." Akaenda kwenye sinki akanawa mikono kwa sabuni ya mche, mpaka viwikoni, na hakuwa amemgusa.

Redio alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshika bega.

"Usimjali yule. Lakini shoga, nikuulize. Unazikumbuka zile hereni tulizonunua pamoja?"

"Zipi?"

"Zile za mviringo. Mimi nilivaa mpaka zikapotea. Wewe masikio yalitoa maji juma zima, ukawa unalala kifudifudi. Na saa ile uliyopewa, si ilikuchora mkono mzima vipele?"

"Vilikuwa vitu vya bei rahisi."

"Hata masikioni mwangu vilikuwa vya bei rahisi, mbona sikuoza? Wewe na vyuma hamsikilizani. Na sasa umewekewa kimoja ndani, kimekaa kama mpangaji. Kamwambie mumeo. Leo, si kesho. Mwambie kwa mdomo, usimwambie kwa macho kama kawaida yako."

* * *

Njia nzima Dobi aliyapanga maneno. Nitasema: baba watoto, mguu unatoa maji meusi. Nitasema: nimerudishwa nyumbani kutoka kazini. Nitasema: naogopa. Alirudia hivyo mpaka maneno yakawa laini mdomoni, pamoja na ile ladha ya msumari.

Karakanani palikuwa na mteja, mtu mrefu mwenye funguo za gari zinazozunguka kidoleni. Alitaka reli ya ngazi, lakini alikuwa na wasiwasi.

"Jirani yangu aliwekewa stenlesi," alikuwa akisema. "Mwaka haujaisha, imetoka madoa kama ndizi mbivu."

"Aliuziwa feki, mkubwa. Ngoja nikuonyeshe." Fundi Geti akavuta sumaku kutoka mfukoni mwa bwelasuti, sumaku nene nyeusi aliyoitoa kwenye spika kuukuu. Mafundi wote wa chuma wanayo ya namna hiyo. Akaiweka kwenye bomba la geti la kawaida, ikarukia paa! Akaiweka kwenye bomba la stenlesi, ikateleza, ikaanguka kwenye vumbi la chuma, ikaota ndevu. "Umeona? Isiposhika, ndiyo halisi. Hiyo haijui kutu ni nini."

"Bomba lako unalijua wewe. Nitajuaje utakalonifungia ni hilo?"

Hapo Fundi Geti akamwona mkewe amesimama mlangoni, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata jibu la mtihani.

"Huyu hapa mke wangu! Mguuni mwake mna stenlesi, na bado mimi nalala naye chumba kimoja. Ningemwekea feki mke wangu? Njoo, mama, njoo. Inua gauni kidogo tu."

"Baba watoto, nilikuwa nataka..."

"Kidogo tu, mkubwa aone."

Palikuwa na wanaume wanne au watano pale, na kila mmoja alisimamisha alichokuwa akifanya. Grenda ilizimwa. Dobi akainua gauni, si upande wenye unyevu, upande wa pili wa muundi, akalibana vizuri lile pindo lililolowa lisionekane. Mumewe akachuchumaa, akaifuta sumaku kwenye suruali, akaibandika.

Ilikuwa ya baridi. Pale ilipomgusa, maumivu yalipanda mpaka kwenye nyonga, akang'ata mdomo. Sumaku ikateleza kwenye ngozi, ikaanguka sakafuni.

"Haikushika!" Fundi Geti alisimama, mikono juu. "Stenlesi halisi!"

Watu wakapiga makofi. "Fundi, mkeo hashiki kutu!" mmoja alipiga kelele. "Huyo hata ukimsahau mvuani hana neno," mwingine akasema, na mwenye funguo za gari akacheka mpaka akajifuta macho, akasema haya, nipimie hiyo ngazi kesho.

"Ulikuwa unataka nini, mama?" Fundi Geti akamuuliza, akiwa bado na furaha.

Akayatafuta yale maneno aliyoyapanga. Wanaume walikuwa bado wanamtazama mguu.

"Ufunguo," akasema. "Nimesahau ufunguo wa nyumba."

Akapewa ufunguo. Wa kwake ulikuwa umefungwa kwenye pembe ya khanga.

Alipoondoka, Fundi Geti aliwasha grenda akakata bomba, akalikata fupi, akalitupa, akakata la pili, nalo fupi. Vijana wake wakatazamana. Hawakujua alichokiona alipochuchumaa. Alikuwa ameiona ile rangi. Na kuna jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Siku ile ya ajali, daktari alimwonyesha vyuma vya aina mbili, kimoja chepesi cha titani na kimoja cha stenlesi, akamwambia vyote ni vizuri, chaguo ni lenu. Naye, bila kufikiri, kwa kiburi cha mtu aliyesikia jina la kijiji chao ugenini, akasema, "Stenlesi hiyo naijua, daktari. Hiyo ni ndugu yangu. Weka hiyo." Yeye ndiye aliyechagua. Kwa hiyo stenlesi ilikuwa haiwezi kuharibika. Haikuruhusiwa.

* * *

Jioni, jua bado halijatua, mama mkwe alimkuta Dobi uani ameutia mguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Bibi huyo alikuwa amekuja na ulimi tayari, kwa sababu alikuwa ameshasikia kwamba mkwe karudi mapema kutoka kazini. Lakini alipochungulia beseni, ulimi ukamrudi.

Kile kijivimbe kilikuwa kimepasuka. Tundu lake lilikuwa dogo, lingezibwa na punje ya mchele. Kilichokuwa kikitoka kilikuwa chembamba na cheusi, kikajichora ndani ya maji kama wino.

"Vuta mguu huku kwenye mwanga," mama mkwe alisema. Akakaa chini kabisa, kwenye sakafu, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda. "Mimi nimelea watoto, nimeuguza mume. Vidonda nina mazoea navyo. Kuna chekundu, kuna cheupe, kuna cha njano. Hiki ni masizi. Mtu anatoaje masizi?"

"Sijui, mama."

"Kilianza lini?"

"Siku nyingi."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilisema. Mlicheka."

Mama mkwe akaupangusa mguu kwa pembe ya khanga yake. Mume wa Dobi akaingia wakati huo, mikono imejaa vumbi, akaanza kusema habari ya reli ya yule mkubwa.

"Njoo uone mguu wa mkeo," mama yake akamkatiza.

"Nimeuona mama. Leo nimeupima."

"Umeupima? Umeupima na nini?"

"Na sumaku."

Bibi akamtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka miwani. "Sumaku. Mtu na ngozi yake, unampima kwa sumaku kama geti."

"Mama, wewe hujui mambo ya chuma. Isiposhika..."

"Sitaki kujua ya chuma, mimi naangalia mguu! Kesho mnakwenda hospitali."

"Kesho napima ngazi ya watu."

"Ngazi itakungoja, haina pa kwenda. Huyu akilala hivi siku nyingine tatu, utamchomelea mguu wa geti?"

Ilikuwa kama mzaha, lakini hakuna aliyecheka. Neno lile likabaki uani pamoja nao. Dobi akautazama mguu wake ndani ya maji, akajaribu kufikiri nyumba hii na ua huu na ngazi za dukani bila mguu ule, na hakuweza kwenda mbali. Fundi Geti akanawa mikono kwenye bomba, akanawa tena, akaendelea kunawa.

* * *

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya polepole. Aliitundika picha ya mguu kwenye taa. Mfupa ulionekana kama moshi, na bamba na skrubu zake vimekaa juu yake vyeupe kabisa, vimenyooka, kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa humo.

"Mfupa umeunga," alisema. "Hilo ni jema. Sasa tazameni hapa. Skrubu hii imelegea. Unaona kivuli kinavyoizunguka? Pale mfupa umeanza kuliwa."

"Na nini?" Fundi Geti akauliza.

"Ndiyo tunatafuta. Damu imekwenda maabara, na maji ya kidonda pia, tujue kama kuna wadudu. Mama, nikuulize. Ukivaa hereni, masikio yanakuwaje?"

Dobi akashtuka, kama mtu aliyeulizwa jina la utotoni. "Yanatoa maji, daktari. Nimeacha kuvaa."

"Saa? Vifungo vya mkanda?"

"Vipele."

"Kuna mtu alikuuliza hivyo kabla hujawekewa chuma?"

"Hapana."

Daktari akaandika, akahema. "Ndani ya stenlesi mna madini yanayoitwa nikeli. Watu wengi haiwadhuru. Wengine ngozi yao inaikataa. Siwezi kukuapia kwamba ndiyo sababu ya yote haya, lakini siwezi kuipuuza."

"Samahani daktari," Fundi Geti akasema, na sauti yake ikapanda kidogo, ile ya karakanani. "Mimi ni fundi wa chuma. Stenlesi haitoi kitu. Hiyo niliipima mwenyewe kwa sumaku, haikushika."

Nesi aliyekuwa akipanga bandeji akageuka kumtazama, akaficha mdomo. Daktari hakucheka.

"Sumaku yako haikudanganya, baba. Ni stenlesi halisi, na ya hospitali hasa. Hakuna aliyewaibia. Lakini unajua kwa nini haishiki kutu?"

"Ina kangozi kake juu."

"Kembamba mno. Ukikakwaruza, hewa inakarudisha. Sasa fikiri kitu kilichokaa ndani ya mwili. Mle mna joto na maji ya chumvi, usiku na mchana. Skrubu imelegea, na huyu mama anasimama kutwa. Kila akihamisha uzito, kichwa cha skrubu kinasaga bamba. Na pale chini ya kichwa, kwenye ule upenyo..."

"Hewa haifiki," Fundi Geti alisema.

"Hewa haifiki vizuri."

"Kangozi hakarudi." Alikuwa sasa anasema peke yake, taratibu. "Kwenye reli ni hivyo hivyo. Haianzi juu kunakong'aa. Inaanza chini ya washa, kile kipete cha chuma, pale unapobana boliti. Unaifungua, unakuta uchafu mweusi. Nimefungua nyingi." Alikuwa amelijua hilo siku zote, kwenye ngazi za watu.

"Basi ndivyo," daktari akasema. "Kinatoka chuma kidogo, kromi kidogo, nikeli kidogo. Nyama ya jirani inakuwa nyeusi, inavimba. Nataka kukitoa, na sitaki kungoja."

"Na ladha ya mdomoni?" Dobi akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza.

"Hilo sijui, mama. Wapo wanaosema hivyo. Tutaona kikishatoka."

Kisha daktari akaeleza yasiyopendeza, kwa sauti ile ile ya polepole. Huenda skrubu ikakatikia ndani. Mfupa utabaki na matundu, na mfupa wenye matundu unavunjika upesi, kwa hiyo hakuna kusimama kutwa kwenye meza ya pasi kwa muda mrefu. Kama kuna wadudu, watasafisha, na pengine watarudia kusafisha. Kila neno lilipotoka, Fundi Geti alilipunguza kwa kichwa chake, kama anayepatana bei.

"Si tungemaliza kwanza hii dawa ya kidonda?" akasema. "Labda ikikauka... Nina kazi moja ya ngazi, nikiimaliza nitakuwa na nafasi ya kumuuguza. Mimi nasema tungoje kidogo..."

"Sijakuuliza wewe, baba."

Lilisemwa kwa upole, lakini nesi alilisikia, na mtu wa usafi alilisikia, na masikio ya Fundi Geti yakawa ya moto. Daktari akamgeukia Dobi.

"Kitoke," Dobi akasema. Akashangaa jinsi lilivyokuwa neno fupi.

* * *

Walimlaza wodini, kitanda cha karibu na dirisha. Damu ilikuwa imerudi kutoka maabara na majibu yasiyo mazuri wala mabaya, ya kusubiri kuona kwa macho. Mguu ulichorwa mshale kwa kalamu ya wino wa zambarau, wasije wakakosea. Dobi aliutazama ule mshale. Baba watoto alikuwa kwenye kiti cha plastiki pembeni, bila miwani yake ya kazi, na paji la uso lake lilionekana tupu, kama ukuta ulioondolewa saa.

Mama mkwe alikuwa amekwenda nyumbani kuwaangalia watoto. Kabla hajaondoka alimtengenezea Dobi mto, akamwambia, "Usiogope, mwanangu. Wataingia watatoka." Nesi aliyemchoma sindano akamwambia hivyo hivyo, "Usiogope, mama." Redio alikuwa amepiga simu, akaongea mpaka salio likakatika, na neno la mwisho lililosikika lilikuwa usiogope.

"Kitu kidogo," Fundi Geti akasema. "Usiogope kabisa. Ni kama kufungua bawaba. Unalegeza moja, unalegeza ya pili, unainua."

Dobi akalivuta shuka mpaka kifuani.

"Daktari anaonekana mzoefu. Umeona mikono yake? Mikono ya fundi ile. Hakuna kitu cha kuogopa hapa."

Mikono yake mwenyewe ilikuwa imeshika chuma cha kitanda. Alikuwa akikisugua kwa kidole gumba, mahali pamoja, kwenye kiungo, kama anayetafuta kitu.

"Mama watoto," akasema baadaye. "Kuna jambo. Siku ile uliyovunjika... yule daktari wa kwanza aliniletea vyuma viwili. Akaniambia nichague."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nimefumba macho, sikuwa nimelala. Nilikusikia. Ukasema hiyo ni ndugu yangu."

Fundi Geti akaachia chuma cha kitanda. "Ulisikia. Na siku zote hizi... Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Hata wewe hukujua. Ulichagua kile unachokipenda, ukanipa."

Akainamisha kichwa. Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia majani, fagio likakwaruza saruji, likanyamaza, likakwaruza. Kwenye korido magurudumu ya kitanda yalianza kusikika, gurudumu moja likilia, yakaja upande wao. Mtu wa kusukuma kitanda akatokea mlangoni, akataja namba ya kitanda chake, akasema, tayari mama?

"Yuko tayari," Fundi Geti akasema, akasimama upesi, akalazimisha tabasamu. "Haogopi huyu. Usiogope, mama. Sasa hivi tu utakuwa..."

"Nyamaza kidogo, baba watoto."

Akanyamaza. Hata yule mtu wa kitanda akarudi hatua nyuma, akajifanya anasoma ukuta.

Dobi akajiinua kwa viwiko. Midomo ilikuwa imemkauka, na sauti ilipotoka haikuwa ile ya kuomba ufunguo.

"Tangu mguu huu uanze, kila mtu ananiambia nisiogope. Wewe, mama, Redio, mpaka manesi. Naogopa peke yangu kama mtu mwenye deni. Nilikuja karakanani siku ile nikuambie, nikashindwa, sasa nasema. Sikutaka unitoe hofu. Sikutaka uniambie chuma ni kizuri." Akamshika mkono, ule uliokuwa ukisugua chuma cha kitanda, akaukaza. "Nilitaka uogope na mimi. Kaa hapo mlangoni mpaka nirudi, na uogope."